Orlando, Smoky au Outer Banks: nyumba ipi ya likizo itawatosha ukoo mzima?

Kila mwaka ugomvi huanzia kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja anatupia picha ya vila yenye bwawa, maji ya samawati, viti vya kujilaza pembeni, na chini ameandika: "Dola 250 tu kwa usiku! Vyumba 6!" Saa moja haijapita, watoto wameshagawana vyumba na wifi yangu ameshauliza kama kuna mashine ya kufulia. Hakuna aliyeuliza Mama atalala wapi.

Sisi ni watu 14. Mimi, mume wangu na wanetu wawili tuko Atlanta. Kaka yangu na wifi wana watoto wanne huko Minneapolis. Dada yangu, shemeji na mtoto wao mmoja wako Dallas. Mama huja kutoka Mombasa, naye ndiye sababu ya sisi kukutana. Magoti yanamsumbua na hapendi kukumbushwa kwamba yanamsumbua. Tumeshakaa naye katika nyumba za likizo za sehemu tatu: vila karibu na bustani za burudani za Disney, upande wa Orlando, Florida, nyumba ya magogo kwenye milima ya Great Smoky, Tennessee, na nyumba ya ufukweni Outer Banks, North Carolina. Siku hizi nikitumiwa picha ya nyumba, kitu cha kwanza ninachotafuta ni ngazi. Bwawa nalitazama baadaye.

Kalenda za shule kabla ya picha

Usifungue tovuti yoyote kabla hamjaweka kalenda za shule mezani. Marekani haina kalenda moja. Shule nyingi za Atlanta hufunga mwisho wa Mei na kufungua mwanzoni mwa Agosti. Dallas hufungua karibu katikati ya Agosti. Minnesota wao hufunga Juni, na kwa kawaida hawarudi darasani hadi Labor Day ipite, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Ukizipanga hizo tatu pamoja, kwetu unabaki upenyo wa katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai tu, wakati ambao nusu ya nchi nayo iko njiani. Mwaka tuliojaribu kukwepa upenyo huo tulikwenda Disemba, na yake nitaisimulia.

Mwenye watoto ambao hawajaanza shule ana nafasi pana zaidi. Mwishoni mwa Agosti na Septemba bei za vila za Orlando hushuka. Ila ajue huo ndio wakati vimbunga vimepamba moto: msimu wake rasmi ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ni kilele.

Orlando ambayo si Orlando

Vila nyingi zinazotangazwa kwa jina la Orlando ziko nje ya jiji: Kissimmee, Davenport, ChampionsGate, Clermont, kando ya barabara ya 192, ya 27 na ile ya I-4. Ni mitaa yenye geti na mlinzi, na nyumba zake ni shilingi kwa ya pili. Usiku wa kwanza mume wangu alisimama dakika tano akibonyeza namba za siri kwenye mlango wa jirani.

Nyumba hizi zimejengwa zikijua wageni wake ni nani. Nyingi ni za ghorofa moja juu, lakini chini kuna chumba kikubwa cha kulala chenye bafu lake. Kwa familia yenye mzee, hilo peke yake linazidi kila kitu kilichoandikwa kwenye tangazo. Mama alitoka kitandani hadi jikoni hadi kwenye kiti cha barazani bila kupanda hata ngazi moja. Watoto walipewa juu, kwenye vyumba vilivyopakwa rangi za katuni. Bwawa liko nyuma, limezungushiwa wavu mrefu wa kuzuia mbu na majani.

Sasa kuna mlango. Tangu mwaka 2000 Florida ina sheria ya usalama wa mabwawa ya nyumbani kwa ajili ya watoto wadogo, na ndiyo maana kwenye vila hizi utakuta uzio wa kuondolewa na kurudishwa, au king'ora kwenye kila mlango unaotokea bwawani, au vyote viwili. Hakuna aliyemwambia Mama. Alfajiri ya kwanza alimaliza kuswali, akataka kupunga hewa kidogo, akasukuma mlango wa kioo. Nyumba nzima iliamka. Kaka yangu alishuka akiwa ameshika taa ya mezani kama rungu. Mama alikuwa amesimama pale pale, tasbihi mkononi, akiuliza amevunja nini. Juu ya mlango, mahali mtu mzima anapofika, kuna kitufe. Ukikibonyeza unapata sekunde chache za kupita kwa amani. Mwonyeshe kila mtu mzima kitufe hicho siku ya kufika. King'ora chenyewe msikizime kabisa, hata kama kinawaudhi: kipo kwa ajili ya yule wa miaka mitatu anayeamka kabla yenu.

Kuhusu maji yenyewe. Bwawa la Florida halina joto kwa sababu tu liko Florida. Kuanzia Novemba hadi Machi maji hupoa, na kupashwa joto ni huduma ya kulipiwa, mara nyingi dola 25 hadi 40 kwa siku, na huombwa siku moja au mbili kabla. Sisi Disemba ile tulijifanya wajanja, tukaokoa hela hiyo. Tarehe 27 watoto waliingia kwa kelele, wakatoka kimya, midomo imebadilika rangi, wakamaliza likizo wakilitazama bwawa kupitia dirishani. Tena mashine nyingi za kupasha huvuta joto kutoka hewani. Usiku wa baridi kali, hewa ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hivi, hata ukilipa hazifui dafu. Wanaoijua biashara hii huuliza kitu kimoja zaidi: bwawa limeelekea wapi? Linaloelekea kusini hupata jua karibu siku nzima wakati wa baridi, na wenye nyumba hulitaja hilo kwenye tangazo kwa fahari. Julai, bila shaka, hayo yote hayana maana. Maji yenyewe yanakuwa ya uvuguvugu, na shida ni ngurumo za radi za kila alasiri zinazowatoa wote majini.

Maneno ya kuyaogopa kwenye tangazo ni "dakika 10 kutoka Disney". Kutoka wapi hadi wapi? Eneo la Walt Disney World ni kubwa kama mji, na dakika hizo huhesabiwa hadi kwenye kibao cha kuingilia. Ukitaka Magic Kingdom, ile bustani ya kwanza iliyofunguliwa mwaka 1971, bado utaendesha hadi maegesho, ulipie, kisha upande treni ya reli moja au kivuko kuvuka ziwa ndipo ufike getini. Kwa mzee na watoto wadogo, hesabuni saa nzima na zaidi kutoka mlango wa vila. Barabara za 417 na 429 zinakwepa foleni za I-4 lakini ni za kulipia, na malipo yenyewe mara nyingi ni ya kielektroniki. Kampuni za kukodisha magari huongeza ada yao ya kila siku juu ya ushuru huo, basi ulizeni kabla ya kuchukua funguo.

Halafu tiketi. Tiketi ya siku moja ya Disney kwa mtu mzima haishuki dola 100, na siku za msimu hupanda mbali zaidi. Watoto walio chini ya miaka 3 tu ndio huingia bure. Zidisha kwa 14 ndipo utaelewa kwa nini sisi huenda siku moja tu na nyingine zote tunakaa bwawani. Siku hiyo moja tuliichagua Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama, kwa ajili ya Mama. Pale kuna kijiji cha kutengenezwa kinachoitwa Harambe, magari ya "Kilimanjaro Safaris", kibanda kimeandikwa Tamu Tamu, na duka lenye jina la Mombasa Marketplace. Mama alisimama mbele ya duka lile akalisoma jina mara mbili. Akaingia, akatazama bei ya kikapu, akatoka. "Mombasa gani hii?" Tumelicheka neno hilo hadi leo.

Dola 250 inavyofika 420

Hapa nitakwenda polepole kwa sababu ndipo watu wanapokosana. Chukua mfano huo huo wa kundi letu: vyumba 6, dola 250, usiku 7. Pango la nyumba ni 1,750. Ongeza usafi, tuseme 350. Ongeza ada ya tovuti, tuseme 280. Kama ni majira ya baridi, kupasha bwawa kwa dola 35 ni 245. Kisha serikali: katika kaunti ya Osceola, ilipo Kissimmee, kodi ya mauzo na ya utalii pamoja ni asilimia 13.5, na hutozwa juu ya pango, usafi na huduma kama hiyo ya bwawa, yaani juu ya 2,345, sawa na dola 317 hivi. Jumla 2,942. Gawa kwa usiku 7, unapata 420.

Tangu Mei 2025 kanuni ya shirikisho la Marekani inawalazimu watangazaji wa malazi ya muda mfupi kuonyesha bei pamoja na ada zote za lazima tangu mwanzo, kwa hiyo ule ujanja wa kuficha ada ya usafi hadi ukurasa wa mwisho umepungua. Lakini kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa baadaye, na vitu vya hiari kama joto la bwawa, jiko la kuchomea nyama na kitanda cha mtoto mchanga havimo. Linganisheni bei ile ya mwisho kabisa, ya kabla ya kubonyeza "lipa".

Je, bado ni nafuu? Kwetu, sana. Dola 2,942 kwa watu 14 ni kama 210 kwa kichwa kwa wiki nzima. Hoteli ingetutaka vyumba vinne. Kwa dola 130 kila kimoja, usiku 7, pamoja na kodi ile ile, ni 4,131, na bado hamjala, hamjalipia maegesho, na Mama yuko peke yake mwisho wa korido. Lakini igeuze hesabu hiyo kwa baba, mama na watoto wawili: chumba kimoja cha hoteli kwa wiki kitawagharimu dola 1,030 na ushee, asubuhi huenda chai imo, na hakuna wa kuosha vyombo. Kwa watu wanne mimi ningekwenda hoteli bila kufikiri. Kwa wanane kuendelea, vila. Wa kati hapo waamue kwa kuangalia nani anapika.

Milimani: uzuri wote, na ngazi zake

Kutoka Atlanta hadi Gatlinburg, mji ulio chini ya milima ya Great Smoky, ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, wakati Davenport ni saa sita na nusu hadi saba. Hilo lilitushawishi. Gatlinburg, Pigeon Forge na Sevierville zimejaa nyumba za magogo zilizopandikizwa kwenye miteremko, kila moja na veranda, beseni la maji moto, meza ya puli na kiti cha kubembea kinachotazama ukungu ukipanda kutoka mabondeni. Asubuhi ile ya kwanza nilielewa kwa nini wanaiita milima ya moshi.

Nyumba yetu ilipigwa picha kutoka angani. Kwa hiyo hatukuona ngazi 19 za mbao kutoka mahali pa kuegesha gari hadi mlangoni. Mama alizipanda siku ya kwanza, akazishuka siku ya nne. Siku mbili zile katikati alikuwa mgeni wa veranda, na alivumilia kwa sababu ana adabu kuliko sisi. Tangu hapo mimi humwandikia mwenye nyumba maswali matatu kabla ya kulipa: kutoka gari hadi mlango ngazi ngapi, kutoka mlango hadi kitanda cha karibu ngapi, kutoka kitanda hicho hadi choo ngapi. Anayejibu "chache" anaachwa.

Tazameni pia barabara. Nyingi ni nyembamba, za kona kali, na nyingine za changarawe. Wakati wa theluji wenye nyumba huandika wazi kwamba lazima gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Simu hukosa mtandao mabondeni, basi pakueni ramani mkiwa mjini. Na dubu wapo kweli. Takataka huwekwa kwenye mapipa ya chuma yanayofungwa, na hakuna chakula cha kuachwa ndani ya gari, hata pakiti ya karanga, kwa sababu dubu wa huko wamejua kufungua milango ya magari.

Yote hayo nayasamehe nikitazama bei ya burudani. Kuingia Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains ni bure. Tangu Machi 2023 unachotakiwa ni stika ya maegesho kama gari litasimama zaidi ya dakika 15, dola 5 kwa siku au 15 kwa wiki. Magari yetu mawili yalitumia dola 30 kwa wiki nzima. Mama, ambaye hawezi kutembea mbali, aliipenda Cades Cove kuliko yote: barabara ya mduara ya maili 11, ya kwenda upande mmoja, mnaendesha taratibu madirisha wazi, kulungu shambani, makanisa ya zamani ya mbao. Msiende Jumatano kati ya Mei na Septemba, siku hiyo magari hayaruhusiwi, ni ya baiskeli na waenda kwa miguu. Kuwohi, kilele cha mita 2,025 kilichorudishiwa jina lake la Kicherokee mwaka 2024, maegesho yake yako juu kiasi kwamba mzee huona mandhari bila kupanda ile njia kali ya kwenda mnarani. Watoto wakichoshwa na miti, bustani ya michezo ya Dollywood iko Pigeon Forge.

Ufukweni: Jumamosi hadi Jumamosi

Outer Banks nitaizungumza kwa ufupi, kwa sababu wengi wenu bei itawakatalia mapema. Ni ukanda mwembamba wa visiwa vya mchanga: Corolla, Duck, Kill Devil Hills ambako ndugu Wright waliruka kwa injini tarehe 17 Disemba 1903, Nags Head, na kuendelea hadi Hatteras. Kwa tuliyoyaona tukitafuta, pango la wiki moja ya nyumba kubwa ya mbele ya bahari mwezi Julai lingetupatia wiki mbili na zaidi Davenport. Tulichukua ya mstari wa tatu.

Huko kiangazi hukodishi siku unazotaka. Ni Jumamosi hadi Jumamosi, au Jumapili hadi Jumapili: mnaingia saa kumi jioni, mnatoka saa nne asubuhi, na maelfu ya familia nyingine wanafanya hivyo hivyo siku ile ile juu ya daraja lile lile. Nyumba nzuri za Julai huondoka tangu Januari. Shuka na taulo si lazima ziwemo. Ulizeni, na ulizeni kama vitanda vitakuwa vimetandikwa. Wa Minneapolis walishuka uwanja wa ndege wa Norfolk wakaendesha saa mbili na zaidi. Sisi wa Atlanta tulikaa barabarani karibu siku nzima.

Nyumba zimesimama juu ya nguzo, na mara nyingi sebule na jiko viko sakafu ya juu kabisa ili bahari ionekane. Ungedhani ni adhabu kwa Mama. Kumbe nyingi za kubwa zina lifti. Ndogo, ya watu watatu, inanguruma kama posho mill, lakini Mama aliipanda na kushuka apendavyo na kuwabeba wajukuu kwa zamu. Kwa ukoo wenye mzee na wenye uwezo, nyumba ya lifti Outer Banks inaishinda Tennessee kwa mbali.

Bahari yake ni kitu kingine. Siku ya kwanza Mama aliitazama kutoka juu akasema: "Hii haina mwamba." Alisema kweli. Sisi tumezoea pwani iliyokingwa na miamba ya matumbawe, mawimbi yanavunjikia mbali na watoto wanachezea maji ya magotini. Outer Banks inatazama Atlantiki uso kwa uso, na mikondo ya kuvuta kuelekea baharini huwachukua hata waogeleaji wazuri. Bendera nyekundu ikipandishwa, maji yameharamishwa siku hiyo. Ogeleeni palipo na walinzi.

La bima ni la lazima kulijua. Kwa sheria ya North Carolina, serikali ikiamuru watu wahame kwa ajili ya kimbunga, mpangaji hurudishiwa pango la siku alizozikosa. Lakini kama wakati wa kubuki aliuziwa bima inayofunika jambo hilo akaikataa, haki hiyo hana tena. Kisanduku kile kidogo cha "sitaki bima" si cha kubonyeza kwa haraka. Na mkiona nyumba ya Rodanthe ya bei ya kutupa, mbele kabisa ya maji, tazameni picha ni ya lini: tangu 2020 nyumba kadhaa za kijiji hicho zimeanguka baharini.

Jikoni, kote kutatu

Matangazo yote husema "jiko lenye kila kitu". Lina kitengeneza kahawa, glasi 12 za mvinyo na kisu kisichokata nyanya. Sufuria kubwa kuliko zote tuliyoikuta Davenport ilikuwa ya kuchemshia tambi za watu sita. Pilau ya watu 14 haiingii humo. Nimeshabeba sufuria langu kutoka nyumbani, nikagundua jiko ni la umeme la kioo, na sufuria lenye kitako cha mviringo linagusa kioo mahali padogo kama sarafu. Wali chini umeungua, juu mbichi. Beba la kitako bapa. Beba na tawa la chapati, mwiko, na kisu chako.

Vitunguu vya pilau vikianza kubadilika rangi, king'ora cha moshi hulia, hasa kwenye nyumba za magogo zenye dari la juu ambako moshi hauna pa kutokea. Sisi huhamia nje, kwenye jiko la gesi la kuchomea nyama, kama lina jicho la pembeni. Kwenye vila za Florida jiko hilo mara nyingi hukodishwa peke yake, na huombwa mapema. Kwa wanaokula halali: Orlando maduka ya nyama yapo, upande wa Gatlinburg hatukuona, tulikwenda na nyama iliyogandishwa kutoka Atlanta ndani ya boksi la barafu.

Kubuki: tovuti, kampuni ya hapo, au mwenye nyumba

Tovuti za Airbnb na Vrbo zinakupa ulinzi wa malipo na maoni ya waliotangulia. Vrbo ni nyumba nzima tu, kwa hiyo huchuji vyumba vya kulala na mwenyeji. Kampuni za usimamizi za mahali hapo, ambazo ndizo mfalme huko Outer Banks, mara nyingi hazina ile ada ya tovuti na zina mtu wa kupiga simu saa sita usiku kiyoyozi kikifa. Mwenye nyumba moja kwa moja ndiye nafuu kuliko wote, na ndiko matapeli walikojificha. Florida kila vila ya likizo hutakiwa kuwa na leseni ya idara ya jimbo iitwayo DBPR. Omba namba, itafute mwenyewe mtandaoni, ni bure. Lipa kwa kadi ya mkopo. Anayekuambia utume pesa kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa ya Marekani, "ili upate punguzo" usimjibu tena.

Mwaka mmoja mwenye nyumba, ambaye jina lake nalihifadhi, alituandikia siku tisa kabla ya safari kwamba nyumba ina tatizo la mabomba. Siku hiyo hiyo wifi aliikuta kwenye tovuti nyingine kwa bei ya juu. Tovuti yetu ilirudisha pesa, lakini tiketi za ndege zilikuwa zimeshakatwa, na nyumba tuliyoipata mwishoni ndiyo ile ya ngazi 19. Tangu hapo tunaangalia kama mwenye nyumba amewahi kughairi wageni, na maoni ya watu huyataja hayo.

Kama kuna mtu anayesubiri viza, msiguse nyumba isiyorudishiwa pesa hadi viza iwe mkononi. Chagueni ya kughairi bure hadi siku 30 au zaidi kabla. Andikeni idadi halisi ya watu, na mtoto mchanga pia. Tangazo la watu 12 lisibebe 14 kwa kificho, maana kwenye mitaa ya geti walinzi huhesabu magari, na gari lililoegeshwa barabarani usiku huvutwa. Airbnb imepiga marufuku kamera za ndani tangu Aprili 2024. Za nje lazima zitajwe. Siku ya kufika, kabla masanduku hayajaingia, mmoja wenu azunguke na simu apige video ya kila chumba, hasa meza, zulia na mikwaruzo ya ukutani. Dakika kumi, na amana yenu iko salama.

Julai hii tumechukua Davenport tena. Chumba cha chini, bwawa la kusini ambalo halitahitaji kupashwa, ghairi bure hadi mwanzo wa Juni, na nimeambiwa kwa maandishi: kutoka gari hadi kitandani, ngazi sifuri. Sufuria la kitako bapa limeshanunuliwa. Mama kwenye simu aliuliza swali moja tu, kama mlango wa huko nao unapiga kelele.